Chumba cha Dereva

Dereva hatukuwahi kuwa naye.
Chumba kilijengwa tu, kwa kuwa ramani za nyumba za Mabela
zote zina chumba cha dereva kando ya geti,
na kwa miaka kumi na minne kilitunza
baiskeli isiyo na mnyororo, ndoo mbili za rangi iliyoganda,
na friza ambayo Thuwaiba hataki kuitupa
wala hataki kuitumia.

Nilistaafu Shaaban. Kabla ya Ramadhani friza ilikuwa nje,
chini ya turubai, na mimi na mke wangu
tulikuwa tunasemeshana kupitia watoto.

Kwanza ni umeme. Waya unaovuka sakafu
ni nyoka aliyelala.
Nikaweka soketi sita, juu ya meza, si chini yake,
maana mimi na mgongo wangu tuna mkataba.

Meza nimeipima kwa ngumi:
simama wima, shusha mkono, kunja ngumi,
inapoishia ndipo ubao ukae.
Hivyo walipima mafundi wa Ng'ambo.
Nilikuwa na miaka tisa, meza zao zikinifika kidevuni,
nikiona vumbi la mbao tu, na mikono isiyo na watu.

Jiriwa nimelifunga karibu na mlango,
mbao ndefu itoke nje ikipenda.

Adui hapa si mwizi.
Ni unyevu wa Agosti, na vumbi linaloingia bila hodi.
Randa ukiiacha wazi Alhamisi,
Jumamosi imeota ndevu nyekundu.
Basi: mafuta kwenye kitambaa, kitambaa kwenye kopo,
kipande cha mpira chini ya mlango,
chaki ndani ya kila droo, inywe maji ya hewani.
Na kazi ni baada ya Alfajiri
mpaka jua lipande ukuta wa jirani, basi.
Nyundo iliyolala juani hufundisha adabu.

Skrubu alinipimia Biju kule Sanaiya, kwa kilo, kama dengu.
Nilizichambua usiku tatu mbele ya taarifa ya habari,
ndefu huku, fupi huku,
na zisizo na kabila kwenye kopo la maziwa.

Kisha majina. Hapo nikakwama.
Miaka thelathini kwenye mtambo wa kusafisha maji ya bahari
kila chombo nilikiita Kiingereza, kwa nakala tatu.
Dukani ni Kiarabu kilichotiwa Kihindi.
Lakini kalamu ilipogusa droo ya kwanza
mkono uliandika TUPA.
Ya pili, PATASI. Ya tatu, KEEKEE,
nikacheka peke yangu, maana keekee sina,
nina drili ya betri.
Sikufuta.

Mjukuu wangu Muhannad husoma akifuata kwa kidole.
Kiswahili chake ni cha kusikia jikoni,
na neno la droo ya kwanza bibi yake hulisema akionyesha pipa.
Juzi nimeokota tupa tatu kwenye taka.

Ukutani nimechora umbo la kila chombo,
ili kikikosekana ukuta useme.

Leo asubuhi Thuwaiba kaja, hodi yake nusu,
kabeba mbuzi ya mama yake: mguu umevunjika, ulimi unacheza.
Nazi tunanunua za unga, ya pakiti, tangu lini sijui.
Sikuuliza.
Nikakata mguu mpya, nikatia gundi, nikaubana,
nikanoa ulimi kwa tupa, jino baada ya jino,
naye kakaa juu ya ndoo ya rangi, hasemi, haondoki.

Ilipokauka niliisimamisha ukutani
nikaizungushia kalamu taratibu,
kichwa, shingo, kiti, miguu.
"Hapa ndipo pake," nikasema.

"Pake jikoni," akasema, akaichukua.

Umbo limebaki pale, kati ya msumeno na pimamaji.
Friza bado iko nje.